Namba ya Ukutani na Samaki wa Bibi Milembe

Pasiansi, Mwanza
Jioni ya kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Sanduku lako limeshafungwa kamba, wewe umejilaza kidogo kabla ya chakula, na mimi nimekaa jikoni nautazama ule ukuta wako. Usitegemee kukuta humu habari za kuvaa sweta ndani ya treni wala za kuchemsha maji ya kunywa. Siku nilipoondoka kwetu kuja kuolewa, mama yangu alinisindikiza mpaka kivuko cha Busisi, na njia nzima alikuwa akinipa mawaidha, moja halijaisha anadaka jingine, mpaka pantoni ikapiga honi. Leo sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni kwamba alinifunga upya kanga iliyokuwa imelegea kiunoni, akasema, "Haya." Kwa hiyo mambo ya sweta utajijua mwenyewe.

Ninakuandikia kwa sababu juzi uliniuliza swali na sikukujibu.

Baba yako mdogo Masanja alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, kamaliza ugali, ananawa. Akasema, "Kabula, chuo kimekupa nafasi mbili. Hesabu za biashara: ukitoka hapo, hivi viwanda vya minofu vinavyoota kila siku pwani ya ziwa vitakugombania. Na hiyo nyingine, hisabati tupu. Sasa hisabati tupu ni kazi gani? Nionyeshe mtu mmoja, Mwanza hii nzima, anayekula kwa kujua namba tupu." Ukanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?" Nikasema subiri nigeuze samaki wasiungue. Samaki walikuwa wameshaiva. Uliona, nami niliona kwamba umeona, ukaniachia.

Ukifika huko utaandika jina lako upande mmoja, na ukishaandika ndio basi. Baba yako, Mungu amlaze pema, hayupo kusema neno lake. Limebaki langu. Nitalisema, ila unanijua, mimi sisemi neno bila kulizungusha kwanza. Niache nianzie pale lilipoanzia, kwenye meza yangu ya kuuzia samaki.

Desturi ya meza ile niliirithi kwa mama. Samaki wa kukaanga wanapangwa mafungu sawasawa, na yule anayebaki mafungu yakishatimia hauzwi. Ni samaki wa Mungu, anapewa mwenye haja wa kwanza. Kwetu mwenye haja alikuwa Bibi Milembe wa ng'ambo ya ua wa minyaa. Wanawe wote walikimbilia dhahabu huko Geita, wakanyamaza huko huko. Lakini bibi yule neno "nipe" halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Ikifika saa ya mafungu alikuwa anapaza sauti tu: "Mama Kabula, leo imebaki?" Nikijibu imebaki, anakuja taratibu na kibakuli chake, kichwa juu, kama mtu aliyefuata mali yake. Na kweli ilikuwa yake. Sadaka asingeipokea. Baki aliipokea.

Sasa mimi nami nilikuwa na ujanja wangu. Samaki wakiwa ishirini na sita, nikipanga wanne wanne wanabaki wawili. Basi navunja, napanga wawili wawili, meza inakwisha safi. Ishirini na saba? Watatu watatu. Thelathini na watano? Watano watano. Nilikuwa nacheza na ukubwa wa fungu mpaka Mungu anakosa. Halafu Jumapili unanikuta benchi la mbele na rozari yangu, nimefumba macho.

Wewe ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza. Ulikuwa unakaa chini ya meza, midomo inacheza, unahesabu. Ukaona kitu ambacho mimi na miaka yangu yote mezani sikuwa nimekiona: kwamba ziko hesabu nyingine mama akizipata, ujanja wake unafia hapo. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Ishirini na tisa. Apange wawili wawili, apange watatu watatu, apange watano watano, wapi! Lazima abaki mtu. Ukazipa jina lako mwenyewe, "namba za Bibi". Uliponiambia miaka mingi baadaye kwamba shuleni zinaitwa namba tasa, jina lenyewe sikulipenda, na mpaka leo mimi naziita kama ulivyoziita wewe.

Ile siku ya mwiba najua unaikumbuka, maana kila Krismasi unanitania nayo. Nilikuwa nimehesabu samaki ishirini na wanne, sato wadogo, wazuri. Nikaingia ndani kuchukua chumvi. Kurudi, napanga wanne wanne, haitimii. Watatu watatu, haitimii. Sita sita, ndio kabisa. Nikahesabu upya: ishirini na watatu. Na nyuma ya mlango kuna miiba ya samaki na mtoto mwenye mafuta mpaka masikioni.

"Nani kala samaki?"

"Mimi."

"Una njaa? Si umekula sasa hivi?"

"Sina njaa."

"Sasa umekula wa nini?"

"Ili wabaki."

Nikakuchapa, mwanangu. Nilidhani unanidhihaki. Na katikati ya kilio chako sauti ikatoka ng'ambo ya ua, bila haraka yoyote: "Mama Kabula, leo imebaki?" Hapo ndipo mkono wangu ukakaa hewani. Ulikuwa umekula samaki usiyemtamani, umeshiba, ili hesabu ianguke mahali ambapo mama yako hawezi kuichakachua. Nikampelekea bibi yule wawili mwenyewe, kwa miguu yangu. Akawatazama, akanitazama, akasema, "Leo wamebaki na kuletwa? Kuna nini huko kwenu?" Nisikudanganye kwamba niliacha ujanja siku ile. Niliacha pole pole, kama mtu anavyoacha ugoro.

Nikukumbushe na jingine. Ulipokuwa sekondari ndipo nilipofanya lile kosa la makoti. Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imeingia, kila mtu anasema mitumba, mitumba, samaki ni biashara ya washamba. Shoga zangu wote wa jumuiya wakahama. Na mimi nikazima jiko nikawafuata, siyo kwamba napenda nguo, hapana, ni kwa sababu kila mdomo ulikuwa unasema huko ndiko kwenye maisha. Tukafungua belo langu la mitumba pale uani, wewe ndiye uliyekata kamba. Makoti. Makoti ya theluji, mazito, yana manyoya shingoni, na jua la Mwanza linawaka kama nini. Bibi Milembe alijaribu moja, akatembea nalo uani akisema ni askofu, tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini usiku wake sikucheka. Sikuumia kwa sababu ya makoti, maana hata yangekuwa magauni mazuri ningeyauza vibaya. Sikuyajua, sikuyapenda, sikuwa na neno la kumwambia mteja. Nikimshika samaki najua kalala maji gani. Nikarudi kwenye karai langu, na kusema kweli nilirudi na furaha, kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

Basi, tuje ukutani.

Ulipomaliza kidato cha sita ukawa unangoja chuo nyumbani, ukaja na ile namba aliyowapa mwalimu wenu siku ya kuagana. Ukaiandika kwa mkaa juu ya jiko: 73939133. Nikasema, hiyo ni namba ya simu ya nani? Ukasema, "Mama, hii ni namba ya Bibi." Nikacheka. Samaki milioni sabini na tatu na ushee, ziwa lote! Ukasema, "Ndio. Wapange mafungu unavyotaka, hata wewe na ujanja wako. Haitimii. Labda uwapange mmoja mmoja, au wote fungu moja." Kisha ukalowesha kidole ukafuta ile tatu ya mwisho. "Na hii iliyobaki nayo ni namba ya Bibi." Ukafuta tena. "Na hii." Ukafuta, ukafuta, 73939, 7393, 739, sabini na tatu, mpaka ikabaki saba peke yake ukutani, nayo ni namba ya Bibi. Ukaniambia ukitaka kuiongezea tarakimu moja mwishoni, yoyote ile, inavunjika, inagawanyika. Kwamba imefika mwisho wake. Lakini ukiipunguza, kila kipande kinasimama kizima.

Nikauliza, umejuaje? Ukasema mwalimu kasema. Halafu ukakunja uso. "Lakini mimi mwenyewe sijaona."

Nikasema, haya, Tomaso, tia kidole.

Kabula, siku zile zilikuwa njema kwangu kuliko ninavyoweza kukueleza. Mimi niliishia darasa la saba, na kitu cha mwisho nilichokipenda shuleni kilikuwa ile kugawanya kwa njia ndefu, inavyoshuka kama ngazi. Baba yangu alisema inatosha, na ikatosha, sikulia sana. Sikujua kwamba ngazi ile nitaishuka tena na mwanangu, yeye upande mmoja wa ukuta na mkaa wake, mimi upande mwingine na mkaa wangu, mafuta yanachemka katikati yetu. Ukanifundisha kwamba hakuna haja ya kujaribu mafungu yote, zinatosha zile namba za Bibi zenyewe, na tukifika pale ambapo namba ikizidishwa kwa yenyewe inaipita ile tunayoipima, tunaacha. Nilifurahi sana kusikia kwamba kuna mahali pa kuacha.

Tulipofika kwenye 739391 ukanipa thelathini na moja, nigawanye. Nikashuka ngazi yangu, nageuza samaki, nashuka, nageuza. Ikafika chini. Haikubaki kitu.

"Kabula, imetimia."

"Haiwezekani."

"Njoo uone. Sifuri."

Ukaja ukaona sifuri yangu. Ukauweka mkaa wako chini. Ukaenda kukaa kwenye mawe kule ziwani, ukarudi jua limezama, chakula hukugusa. Nilidhani ni mambo ya mchumba. Hapana, ulikuwa unaomboleza namba! Ukasema kwa sauti ndogo, "Basi mwalimu alitudanganya." Mimi nikalala nikiwaza, mtoto huyu kama anaweza kuumia hivi kwa kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi, huyu kapendwa na kitu kile, siyo yeye aliyekipenda.

Kesho yake tumetoka misa, hata viatu hujavua, ukasimama mbele ya ngazi yangu.

"Mama. Mia na hamsini na tisa, toa mia na hamsini na tano."

"Nne."

"Wewe umeandika ngapi?"

Nikasogea. Tatu. Niliandika tatu, mwanangu, kwa sababu samaki alikuwa anaungua. Ukaweka nne mahali pake, ukashuka hatua moja, ikabaki kumi. Ulipiga kelele mpaka Bibi Milembe akauliza kuna msiba au kuna harusi. Ukanikumbatia na masizi yako kwenye gauni langu la kanisani. Nilitegemea ungenisema, siku nzima ya huzuni nimekusababishia kwa tarakimu moja. Wewe ulikuwa unacheka tu: "Ilikuwa nzima, mama! Wakati wote ilikuwa nzima!"

Neno hilo nimelibeba. Mimi nimekulea peke yangu tangu baba yako aondoke, na mahali pengi niliandika tatu pahali pa nne. Nilikuchapa ulipokuwa unatenda wema. Nilikunyamazisha kwa wageni ulipokuwa unasema kweli. Nilikuwa nikijiuliza usiku kama nimekuharibu. Halafu nikakuona pale umesimama na mkaa, na nikaelewa kwamba lile kosa lilikuwa langu, lilikaa kwenye ngazi yangu, wala halikuingia ndani ya namba. Tangu siku ile nimelala vizuri zaidi.

Na ile jioni nyingine nilipokuuliza kama zinaisha. Maana nilifikiri hivi: samaki wakiwa wengi mno, njia za kuwapanga nazo zinakuwa nyingi mno, mwishowe si kila hesabu itapata fungu lake? Itafika mahali Bibi anakosa kabisa. Ulifurahi nilipouliza, uso wako ulikuwa kama wa baba yako akishinda bao.

"Tuseme zimeisha, mama. Tuseme zilizopo duniani ni mbili, tatu na tano, basi. Zizidishe zote."

"Thelathini."

"Ongeza samaki mmoja."

"Thelathini na mmoja."

"Panga wawili wawili."

"Anabaki mmoja."

"Watatu watatu."

"Anabaki mmoja."

"Watano watano."

Nikapanga kichwani. Anabaki mmoja. Ukasema hata tungekuwa na orodha ndefu kutoka hapa mpaka Busisi, ukizidisha zote na kuongeza mmoja, yule mmoja anabaki kila fungu utakalojaribu. Kwa hiyo lazima iko nyingine nje ya orodha, ama hesabu hiyo yenyewe, ama iliyojificha ndani yake. Haziishi. Hazitakaa ziishe. Nikafanya ishara ya msalaba, ukanicheka. Cheka tu. Mimi nilimwona samaki wa mama yangu pale, yule asiyeuzwa, amekaa mwisho wa hesabu zote, na hakuna mjanja wa kummaliza.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga kule Kiseke, nilimwita baba yako mdogo. Nikamwambia shemeji, nimepata jibu, mtoto atasoma hisabati. Akaruka.

"Shemeji! Atakula namba?"

"Wewe Jumapili nzima umeinamia redio unasikiliza mpira. Unakula magoli?"

"Mpira ni starehe."

"Na unaponuna siku tatu kwa sababu wamefungwa, hiyo nayo ni starehe?"

Akajikuna kichwa. Nikamwonyesha ukuta, nikafuta tarakimu kama ulivyonifundisha, mpaka saba. Akausogelea ukuta. Akasema, "Na ukiongeza huku mwishoni?" Nikasema inavunjika. "Yoyote?" Yoyote. Akasema, "Hebu rudisha ilivyokuwa, niione tena." Nikairudisha. Alipotoka alisema atakuja alfajiri kubeba sanduku, na kwamba bado anaona hesabu za biashara ni bora, na kwamba usimwambie mtu kuwa yeye ndiye aliyeuliza.

Mwalimu wenu aliwaambia huko Ulaya wanazitumia namba hizi kufungia siri kwenye kompyuta. Vizuri. Lakini mtu akikuuliza zina faida gani usikimbilie hilo kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Unaruhusiwa kukipenda kitu kwa sababu ni cha kweli na kinakupa raha kukitazama. Mimi ndiye ninayekuruhusu. Na kama kitakushinda, rudi. Mimi nilirudi kutoka kwenye makoti na hakuna aliyenifungia mlango. Utakuwa umepunguka tarakimu moja, basi.

Kwa hiyo jibu la swali lako, Kabula: andika jina lako kwenye hisabati, kwa mkono usiotetemeka, na useme mama yangu kasema.

Ukuta sitaupaka chokaa, hata Krismasi ikifika. Bibi Milembe ameshauliza kama ukiondoka samaki wake ataendelea, nimemwambia sasa mjanja ameondoka mezani, ataendelea bila shida. Akasema, "Mjanja alikuwa wewe."

Nasikia unaamka. Nimekufungia samaki saba kwenye gazeti na mfuko juu yake, wakavu, wamekaangwa mara mbili, hawataharibika njiani. Daraja la pili mtakuwa wanawake sita chumbani. Mgawie kila mmoja wake, nawe ukiwamo. Usinipigie hesabu nyingine hapo, usivunje vipande. Yule atakayebaki, fungua dirisha kwenye kituo chochote treni ikisimama, utamwona mwenyewe mwenye naye.

Haya.

Mama yako